Risiti na Kura: Wananchi wa Majimbo ya Marekani na Misamaha ya Kodi ya Mauzo

 Kodi ni mada inayowakimbiza watu wengi. Hata hivyo, ukiacha hewa tunayovuta, hakuna kitu kinachogusa mkate, nepi na dawa ya kila nyumba kama kodi.

Mhadhara huu una lengo moja: kueleza wananchi wa majimbo ya Marekani wamesema nini pale walipoulizwa kuhusu kodi ya mauzo na misamaha yake, kwa karatasi ya kura, kwa saini au kwa watafiti wa maoni. Hoja zitakuwa nne. Zote zinaelekea mahali pamoja, napo ni hapa: wananchi wanaulinda kwa nguvu zote msamaha wanaouona kwenye risiti, lakini misamaha mikubwa kuliko huo hupita bila mtu kuihoji kwa sababu haionekani popote. Mageuzi ya kodi yasiyoanza na tofauti hiyo huangushwa, na wala si kwa sababu wananchi ni wajinga.

Kabla ya hoja, maelezo mafupi. Dar es Salaam au Mombasa, bei iliyobandikwa rafuni kwa kawaida imeshabeba kodi ya ongezeko la thamani ndani yake, asilimia 18 kwa Tanzania Bara na 16 kwa Kenya. Mnunuzi hulipa bila kuhisi. Marekani mambo ni tofauti. Serikali kuu haina kodi ya mauzo kabisa. Ni mali ya majimbo, na kaunti na miji huongeza ya kwao juu yake. Hutozwa mara moja tu, bidhaa inapofika kwa mlaji, na hujumlishwa kaunta baada ya keshia kumaliza kupiga bei. Wenye ndugu Dallas, Minneapolis au Lexington wameshasikia malalamiko ya mgeni wa wiki ya kwanza: kaona dola 10, kaandaa dola 10, kaambiwa zaidi. Majimbo 45 na mji mkuu, Washington, huitoza. Majimbo matano hayana kodi hiyo ya jimbo zima: Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon, ingawa Alaska huiachia miji na tarafa zake zijitoze zenyewe.

Kodi yenyewe ni mtoto wa dhiki. Mwaka 1932, uchumi ukiwa umeporomoka na wakulima wakishindwa kulipa kodi ya ardhi na majengo, Mississippi chini ya Gavana Martin Conner ilianza kutoza asilimia 2 ya mauzo. Majimbo mengine yaliona fedha zinaingia, nayo yakafuata; kabla ya miaka ya 1930 kwisha, zaidi ya 20 yalikuwa yameiga. Vermont ilikuwa ya mwisho, mwaka 1969.

HOJA YA KWANZA: Kodi ya mauzo haichukiwi kama inavyodhaniwa

Kuanzia mwaka 1972, tume ya ushauri iliyoundwa na bunge la Marekani kushughulikia mahusiano ya serikali kuu, majimbo na miji ilikuwa ikiwauliza wananchi swali moja mwaka hadi mwaka: kodi ipi ni mbaya kuliko zote, yaani isiyo ya haki kabisa? Tume hiyo ilifungwa mwaka 1996, lakini majibu yaliyobaki yana funzo. Kilele cha lawama kilikuwa kikipokezanwa na kodi mbili, ya majengo na ya mapato ya serikali kuu. Kodi ya mauzo ya jimbo ilibaki nyuma yao.

Sababu haijifichi sana. Kodi ya majengo huja kama bili moja nzito. Kodi ya mapato huja na fomu, tarehe ya mwisho na hofu ya kukosea. Kodi ya mauzo hulipwa senti kwa senti, na hakuna anayeketi mwisho wa mwaka kujumlisha. Mwanasiasa anayetafuta fedha bila kelele anajua hilo vizuri. Ndiyo maana magavana wengi wa kusini wanaotaka kufuta kodi ya mapato hugeukia hapohapo kuziba pengo.

Oregon ni kielelezo cha upande wa pili. Huko kodi ya mauzo haijawahi kukanyaga; wapigakura waliitwa mara tisa kati ya mwaka 1933 na 1993, na mara zote tisa walikataa. Mara ya mwisho, robo tatu ya kura zilisema hapana. Hapa kuna jambo la kulitazama kwa makini: watu walioizoea kodi huivumilia, na wasioizoea huikataa kwa miaka 60. Kwa hiyo maoni ya wananchi kuhusu kodi mara nyingi ni maoni kuhusu mabadiliko. Anayepima maoni bila kuuliza watu wamezoea nini hupata picha nusu.

HOJA YA PILI: Chakula ni mstari ambao wananchi hawataki uvukwe

Taasisi ya utafiti wa kodi inayojulikana kwa kifupi kama ITEP ilikokotoa, katika toleo la mwaka 2024 la uchambuzi wake wa majimbo yote, kwamba kaya zilizo katika moja ya tano ya chini ya kipato hulipa kwa wastani asilimia 11.4 ya mapato yao kwa kodi za jimbo na za mitaa. Asilimia 1 ya juu kabisa hulipa asilimia 7.2. Chanzo kikuu cha tofauti hiyo ni kodi za matumizi, kwa sababu asiye na kitu hutumia chote anachopata, na sehemu kubwa huishia jikoni.

Hesabu ni nyepesi, tuifanye pamoja. Familia ya Mississippi inayonunua chakula cha dola 120 kwa wiki ilikuwa ikilipa dola 8.40 za kodi ya jimbo, maana chakula kilitozwa asilimia 7 kama bidhaa nyingine yoyote. Tangu Julai 2025 kiwango cha chakula kimeshuka hadi asilimia 5, na kodi ya kikapu kilekile ni dola 6. Kwa mwaka, tofauti inakaribia dola 125. Kwa mwenye mshahara mkubwa hizo ni fedha za chakula cha jioni hotelini. Kwa mama anayelea watoto peke yake ni viatu vya shule vya watoto wawili.

Kuna kipengele ambacho wachambuzi wengi hukiruka. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1985 inakataza kutoza kodi ya mauzo chakula kinachonunuliwa kwa msaada wa serikali wa chakula. Kwa hiyo walio chini kabisa wana kinga ya sehemu. Anayebanwa zaidi ni yule aliye juu kidogo ya mstari wa umaskini: dereva wa lori dogo, msaidizi wa wagonjwa, mfanyakazi wa kiwanda cha kuku ambaye mshahara wake umepita kigezo cha msaada kwa dola chache. Wahamiaji wengi kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania wako kundi hilohilo.

Sasa twende Utah, maana kisa chake kinafundisha kuliko vitabu vingi. Mwishoni mwa mwaka 2019 viongozi wa bunge la jimbo hilo walikuwa na tatizo la kweli. Katiba ya Utah iliyafunga mapato ya kodi ya mapato kwenye elimu, na kodi ya mauzo, inayolipia shughuli nyingine nyingi, ilikuwa ikikua polepole kwa sababu watu wanatumia fedha zaidi kwenye huduma zisizotozwa. Tarehe 12 Desemba walikutana katika kikao maalumu na kupitisha mageuzi: kodi ya mapato ishuke kutoka asilimia 4.95 hadi 4.66, huduma kadhaa zianze kutozwa, na kodi ya jimbo kwa chakula ipande kutoka asilimia 1.75 hadi 4.85. Kwa wenye kipato cha chini uliwekwa unafuu wa kurudishiwa sehemu ya fedha kupitia fomu za kodi.

Kwenye karatasi, mpango ulikuwa na mantiki. Wataalamu wengi wa fedha za umma wangesema wigo mpana na kiwango kidogo ni bora kuliko wigo mwembamba na kiwango kikubwa. Lakini wananchi walisoma sheria ile kwa namna nyingine: punguzo la mapato linamfaidi zaidi mwenye mapato makubwa, na nyongeza ya mkate inamfika kila mtu.

Sheria ya Utah inawaruhusu wananchi kuisimamisha sheria mpya mpaka ipigiwe kura, kama watakusanya saini za kutosha ndani ya siku 40, na siku hizo zilipitia Krismasi na Mwaka Mpya. Zilihitajika saini 115,869, tena zilizotawanyika katika angalau kaunti 15 kati ya 29. Mbunge wa zamani, Fred Cox, aliongoza kundi la watu wa kujitolea, wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Meza za kutia saini zilipangwa mahali penyewe ambapo kodi ingelipwa, ndani ya maduka ya vyakula. Kampuni ya Harmons iliwafungulia milango ya matawi yake. Mtu aliingia kununua maziwa, akaweka jina lake, akaendelea na safari.

Saini zilipita idadi iliyotakiwa kwa makumi ya maelfu. Bunge halikusubiri kura. Tarehe 28 Januari 2020 lilifuta sheria yake lenyewe, na Gavana Gary Herbert akatia saini siku hiyohiyo.

Kwa nini ule unafuu wa wenye kipato cha chini haukumshawishi mtu? Jibu liko kwenye kalenda. Kodi inakatwa leo, kaunta, mbele ya watoto. Unafuu unakuja mwaka ujao, kwa anayejua kujaza fomu. Idaho, jirani wa Utah, imekuwa ikitumia njia hiyo kwa miaka mingi: inatoza chakula kama bidhaa nyingine, kisha inamrudishia mkazi kiasi maalumu kila mwaka, ambacho tangu mwaka 2025 ni dola 155. Wachumi huisifu njia hiyo kwa sababu haimsamehe mnunuzi wa nyama ya bei mbaya. Hoja yao ni ya kweli. Lakini mwenye njaa hali hesabu za mwaka ujao, na serikali inayotegemea fomu kutimiza haki inajua wazi kwamba wapo watakaobaki nje.

Tangu wakati huo mkondo umekwenda upande mmoja. Kansas, ambako Gavana Laura Kelly alisaini sheria mwaka 2022, ilishusha kodi ya jimbo kwa chakula kutoka asilimia 6.5 hatua kwa hatua hadi sifuri ilipofika Januari 2025. Oklahoma ilifuta asilimia 4.5 yake mwishoni mwa Agosti 2024. Alabama imeshuka kutoka 4 hadi 3 mwaka 2023, kisha 2 mwaka 2025. Majimbo hayo yana sifa ya uhafidhina, na mabunge yao yamejaa watu wanaotofautiana na majirani zao karibu kila jambo. Juu ya chakula walikubaliana.

HOJA YA TATU: Wananchi hawapigi kura ya ndiyo kwa kila msamaha

Hapa wanasiasa wengi hujikwaa. Wakiona chakula kinapendwa, hudhani neno msamaha peke yake linatosha kuvuta kura. South Dakota iliwakosoa.

Jimbo hilo halina kodi ya mapato, na chakula chake kinatozwa kama bidhaa nyingine. Mwaka 2022 Gavana Kristi Noem aliahidi kufuta kodi ya chakula. Bunge likachagua njia nyingine, likashusha kiwango cha jumla kutoka asilimia 4.5 hadi 4.2 kwa bidhaa zote mpaka mwaka 2027. Wananchi wakakusanya saini, na Novemba 2024 pendekezo la kufuta kodi ya chakula likafika kwenye kura. Kwa hesabu za kawaida lilipaswa kupita kwa kishindo. Lilianguka, karibu kura saba kati ya kumi zikilikataa.

Ugomvi ulikuwa kwenye maandishi. Pendekezo lilizuia jimbo kutoza kitu chochote kinachouzwa kwa matumizi ya binadamu. Wapinzani wakauliza: sigara je? Na vitu vingine vinavyoingia mwilini? Miji nayo itazuiwa kutoza? Na fedha za barabara na polisi zitatoka wapi, katika jimbo lisilo na kodi ya mapato? Hakukuwa na jibu moja lililo wazi, na watu wakaona bora wabaki na wanachokijua.

Louisiana ina historia ndefu zaidi, nayo inastahili kusimuliwa tangu mwanzo. Mwaka 2002 mbunge Vic Stelly aliwapa wapigakura mabadilishano ya wazi: futeni kodi ya jimbo kwenye chakula cha nyumbani, umeme na maji ya nyumbani na dawa zilizoandikwa na daktari, na muifidie kwa kuongeza kodi ya mapato kwa wenye kipato kikubwa. Walikubali kwa tofauti ndogo sana, zaidi kidogo tu ya nusu, na msamaha ukaandikwa kwenye katiba. Miaka michache baadaye, kufikia mwaka 2008, bunge lilirudisha viwango vya zamani vya kodi ya mapato. Upande wa fidia uliondoka; upande wa msamaha haukuguswa na mtu, maana nani angejitokeza kuomba kura za kutoza mchele? Kiwango cha kodi ya mauzo kikaanza kupanda kwa bidhaa zilizobaki, na mwezi Januari 2025 kilifika asilimia 5, huku kodi ya mapato ikishushwa hadi kiwango kimoja cha asilimia 3. Ukijumlisha na ya mitaa, mkazi wa Louisiana hulipa kwa wastani zaidi ya asilimia 10 kaunta.

Gavana Jeff Landry alitaka kukamilisha mageuzi hayo kwa kuandika upya sura nzima ya katiba inayohusu fedha. Tarehe 29 Machi 2025 kura ilipigwa. Ndani ya pendekezo moja vilifungwa pamoja mambo ya kodi ya mapato, ukomo wa matumizi ya serikali, nyongeza ya mishahara ya walimu na hatima ya mifuko ya fedha za elimu. Mwalimu aliyetaka nyongeza yake alilazimika kumeza na yale asiyoyataka. Makanisa yaliingiwa na wasiwasi juu ya misamaha yao. Takriban asilimia 65 ya waliopiga kura walikataa, na mapendekezo mengine matatu ya siku hiyo yakaanguka nalo.

Linganisheni Stelly na Landry, ndugu wasikilizaji. Pendekezo la kwanza lilieleweka na mtu yeyote aliyesimama kwenye foleni ya duka: utapata hiki, utatoa kile. La pili lilihitaji wakili. Tofauti ya matokeo haikutokana na chuki ya kodi, kwa sababu la kwanza lilipandisha kodi waziwazi na bado likapita.

Kuna jambo jingine ambalo wapigakura hulishughulikia haraka: mipaka isiyoelezeka. California, ikiwa na pengo la dola bilioni 14, ilianza mwaka 1991 kutoza vitafunwa, peremende na maji ya chupa, huku chakula kingine kikisamehewa. Kila duka likawa na mabishano juu ya kipi ni kitafunwa na kipi ni chakula. Novemba 1992 theluthi mbili ya kura ziliifuta kodi hiyo. Jimbo la Washington lilirudia jaribio mwaka 2010 kwa peremende, soda na maji ya chupa, likitumia tafsiri inayotumiwa na majimbo mengi kwamba kilicho na unga wa ngano si peremende. Kwa hiyo Kit Kat ilisamehewa na chokoleti iliyokaa jirani yake ikatozwa. Hiyo nayo ilifutwa kwa kura mwaka huohuo, safari hii baada ya chama cha kampuni za vinywaji kumwaga zaidi ya dola milioni 16 kwenye kampeni. Maoni ya wananchi yana wanunuzi wake, na hilo lisisahaulike tunapoyasifu. New York hadi leo, beigeli nzima hubebwa bila kodi. Ikikatwa dukani na kupakwa jibini, inatozwa. Mfanyakazi wa kaunta anayepaswa kumweleza mteja hilo saa moja asubuhi hakuiandika sheria hiyo, lakini ndiye anayeonekana kuwa serikali.

HOJA YA NNE: Misamaha mikubwa haina risiti

Hii ndiyo hoja inayouma, na ndiyo iliyosababisha mhadhara huu uandaliwe.

Mwezi Desemba 2024 tume ya ukaguzi ya bunge la Virginia, JLARC, ilitoa ripoti juu ya vituo vya kuhifadhia data, yale majengo makubwa yasiyo na madirisha yaliyotanda kaskazini mwa jimbo hilo. Mwenye kituo kinachotimiza masharti halipi kodi ya mauzo kwa seva, mitambo ya kupoza wala jenereta. Ripoti ilionyesha kuwa msamaha huo ulifikia dola milioni 928 katika mwaka wa fedha 2023. Muda wake ni hadi 2035, na kwa kampuni zenye uwekezaji mkubwa zaidi unaweza kufika 2050. Haki itendeke: tume hiyohiyo ilikiri kwamba msamaha unavuta kampuni, na kwamba kazi zipo, ingawa nyingi ni za wakati wa ujenzi.

Lakini katika jimbo hilohilo la Virginia, hata baada ya jimbo kufuta sehemu yake ya kodi Januari 2023, mnunuzi wa maziwa, nepi na taulo za kike bado analipa asilimia 1 inayobaki kwa ajili ya mitaa. Hakuna meza ya saini iliyowekwa mlangoni mwa kituo cha data. Hakuna mtu anayetoka nje akiwa na risiti mkononi akiuliza mbona fulani hakulipa. Asiyelipa hana risiti, na mlipaji hana njia ya kujua.

Upande wa huduma hali ni ileile, ila huko wenye misamaha wanajua kupiga kelele. Sheria nyingi za kodi ya mauzo zilitungwa wakati watu walinunua vitu: sufuria, viatu, radio. Ada ya wakili, ya mhasibu na ya wakala wa matangazo ikaachwa nje. Florida ilijaribu kuziingiza Julai 1987, chini ya Gavana Bob Martinez. Vyombo vya habari na watangazaji, ambao nao wangetozwa, waliigeuza kuwa vita. Kabla mwaka haujaisha sheria ilifutwa, na pengo likazibwa kwa kupandisha kodi ya bidhaa kutoka asilimia 5 hadi 6. Kwa maneno mengine, ada ya wakili ilipona na bei ya viatu ikalipa. Michigan, miaka 20 baadaye, iliifuta kodi yake ya huduma siku ileile ilipoanza kazi, tarehe 1 Desemba 2007.

Swali linakuja: je, msamaha ukitolewa humfikia mlaji kweli? Hapa uzoefu wetu Afrika Mashariki una la kuchangia. Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike katika bajeti ya 2018/19. Mwaka uliofuata Waziri wa Fedha, Philip Mpango, aliliambia Bunge kuwa bei hazikushuka, na msamaha ukaondolewa. Wasichana walipoteza mara mbili: kwanza dukani, kisha Bungeni. Marekani, ambako kodi hukaa nje ya bei, mambo hufuatilika kwa urahisi zaidi. Texas iliposamehe nepi na taulo za kike kuanzia Septemba 2023, boksi la nepi la dola 40 kwenye mji unaotoza asilimia 8.25 lilipungua dola 3.30 siku hiyo, na mnunuzi aliona mstari wa kodi umetoweka. Duka likitaka kupandisha bei yake ili limeze tofauti hiyo, litalazimika kufanya hivyo hadharani, rafuni. Mfumo wetu wa bei iliyofichwa kodi unampa muuzaji kichaka cha kujificha. Kenya nayo iliona mwezi Juni 2024 jinsi pendekezo la asilimia 16 kwenye mkate lilivyowaamsha watu kuliko vifungu vingine vyote vya muswada ule wa fedha, hata likaondolewa kabla maandamano hayajafika Bungeni. Mkate ulionekana. Vifungu vingine vilihitaji vijana wa kuvitafsiri na kuvisambaza kwa simu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda unakwenda. Tuangalie mbele.

Majimbo ya Marekani yanaingia kipindi kigumu. Misaada iliyoyavimbisha makasha wakati wa korona imekwisha, na wanaotaka kufuta kodi ya mapato ni wengi. Mississippi imeshaandika sheria ya kuelekea huko. Maryland imeanza kutoza asilimia 3 kwa huduma za data na teknolojia ya habari tangu Julai 2025, na jimbo la Washington limeingiza matangazo na huduma za kompyuta kwenye kodi yake tangu Oktoba mwaka huohuo. Yatakayowapata yatatuonyesha kama somo la Florida bado lina nguvu.

Mfano unaostahili kusomwa na wizara za fedha za kwetu unatoka Washington hiyohiyo. Tangu mwaka 2006 jimbo hilo lina tume ya raia inayopitia misamaha ya kodi kwa zamu, kila mmoja takriban mara moja katika miaka 10, ikiuliza umegharimu kiasi gani na umeleta nini. Tangu 2013, msamaha mpya usiotajiwa muda hufa wenyewe baada ya miaka 10, na bunge hutakiwa kuandika mwanzoni kabisa lengo la msamaha na namna ya kulipima. Tume haina mamlaka ya kufuta kitu. Lakini inachapisha, na mwandishi wa habari au mwalimu wa sekondari akitaka takwimu anazipata.

Na Illinois imefungua darasa jipya mwaka huu wa 2026. Asilimia 1 ya jimbo kwenye chakula ilifutwa tarehe 1 Januari, lakini fedha hizo zilikuwa za miji, na miji imeruhusiwa kuirudisha kwa sheria ndogo za madiwani wake. Mingi imesharudisha, mingine bado inabishana. Katika kila mji huo kuna kikao cha baraza, saa za jioni kama hizi, ambapo diwani anapaswa kusema mbele ya majirani zake kama fedha za zimamoto zitatoka kwenye mkate au mahali pengine, na mkazi ana dakika chache za kumjibu. Wanafunzi wa uchumi mlio humu ndani, kumbukumbu za vikao hivyo ni za wazi na nyingi zimo mtandaoni. Tasnifu nzuri inasubiri mtu wa kuzisoma. Maswali yenu yanakaribishwa sasa, na atakayeanza na lile la vituo vya data vinavyojengwa Nairobi atakuwa ametutendea wema sote.